Bei ya Sokoni Si Kura ya Sandukuni

Somo kwa kamati za parokia na wafadhili



Kila baada ya miaka minne, Wamarekani wanapokaribia kumchagua Rais wao, ofisi za huduma katika nchi zetu huanza kuulizana: atashinda nani, na misaada itakuwaje? Swali hili si la udaku. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shughuli za shirika la USAID zilifikia mwisho. Kwa hiyo tumeona vema tujifunze pamoja juu ya chombo kimoja kinachotumika kubashiri uchaguzi huo, yaani masoko ya ubashiri. Tutaona yanavyofanya kazi, yanapofaa, na yanapowaangusha wanaoyategemea.

Soko hili ni nini?

Katika soko la ubashiri watu huuziana hati kuhusu jambo ambalo bado halijatokea. Tuchukue mfano wa jimbo la Pennsylvania. Hati inasema kwamba mgombea fulani atashinda katika jimbo hilo. Akishinda, mwenye hati hulipwa dola 1. Akishindwa, hapati kitu. Hati hiyo ikiuzwa kwa senti 62, maana yake ni kwamba wanunuzi na wauzaji kwa pamoja wanaona nafasi ya mgombea ni kama 62 kwa 100. Anayeamini nafasi ni kubwa zaidi hununua, na bei hupanda. Anayeona ni ndogo huuza, nayo hushuka. Hivyo bei hukusanya habari za watu wengi ambao hawajawahi kukaa kikao kimoja.

Soko la namna hii lilianzishwa mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Iowa kwa ajili ya utafiti na mafundisho, na kila mshiriki aliwekewa kikomo cha dola 500. Baadaye yalikuja ya kibiashara, kama Intrade ya Dublin, Ireland, iliyofungwa mwaka 2013, kisha Polymarket na Kalshi, ambako hupita mamilioni ya dola.

Kwa nini jimbo kwa jimbo?

Rais wa Marekani hapatikani kwa jumla ya kura za wananchi wa nchi nzima. Kuna kura 538 za wajumbe zilizogawanywa kwa majimbo, na anayefikisha 270 ndiye mshindi. Majimbo 48 kati ya 50 humpa mshindi wa jimbo kura zote za wajumbe wake. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata karibu kura milioni 2.9 za wananchi kuliko Donald Trump, lakini Trump akawa Rais. Ndiyo sababu wabashiri huangalia kila jimbo peke yake.

Na mara nyingi wamepatia. Mwaka 2004, aliyepewa nafasi kubwa kwenye soko la Intrade alishinda katika kila jimbo. Mwaka 2008 walikosea majimbo mawili tu, Indiana na Missouri.

Kosa la mwaka 2016

Mwaka 2016 bei zilimpa Clinton nafasi kubwa katika majimbo ya Michigan, Wisconsin na Pennsylvania. Akayapoteza yote matatu, kila moja kwa tofauti isiyofika asilimia 1. Ukijumlisha tofauti hizo tatu, hazifiki kura 80,000.

Hapa pana fundisho kubwa. Tuseme mgombea ana nafasi 80 kwa 100 katika kila jimbo. Mtu akiyahesabu majimbo hayo kama vitu visivyohusiana, ataona kuyapoteza yote matatu ni jambo la mara 8 katika 1,000, na atalala usingizi. Lakini majimbo hayo ni jirani kwa hali ya maisha: viwanda vinafanana, wafanyakazi wanafanana, na manung'uniko yao yanafanana. Kilichomwangusha katika moja kilimwangusha katika yote.

Tena, 80 kwa 100 si ahadi. Katika mambo kumi yenye nafasi hiyo, tutegemee mawili yaende kinyume. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha.

Sauti ya mwenye fedha nyingi

Udhaifu mwingine ni kwamba sokoni mwenye dola nyingi husikika zaidi. Watafiti waliochunguza soko la Intrade katika majuma mawili ya mwisho ya uchaguzi wa 2012 walikuta mtu mmoja ameweka kama theluthi ya fedha zote zilizomuunga mkono Mitt Romney. Alipoteza karibu dola milioni 4. Mwaka 2024 Mfaransa mmoja aliweka makumi ya mamilioni ya dola kwa Trump katika Polymarket, naye akapata faida kubwa sana. Mmoja alikosea, mwingine alipatia. Ukitazama bei peke yake huwezi kujua ni yupi aliye nyuma yake.

Tunajifunza nini?

Kwanza, hatumshawishi mtu yeyote kubashiri kwa fedha. Michango mliyotukabidhi ni amana.

Pili, kamati inaweza kujivunia wafadhili watatu, kumbe wote wanachota kisima kimoja. Kisima kikikauka, wote watatu hurudi na ndoo tupu siku moja. Kwa hiyo tusihesabu majina ya wafadhili tu, tuulize fedha zao zinatoka wapi.

Tatu, bajeti isijengwe juu ya matokeo yanayotarajiwa sana, bali iwe na mpango wa pili ulioandikwa.

Nne, katika vikao vyetu, kila mjumbe aandike makadirio yake kabla mwenye uwezo au cheo hajasema. Hapo ndipo hekima ya wengi hupatikana.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni vyanzo vipi vya mapato yetu vinavyoweza kukauka kwa pamoja, na kwa sababu gani?

2. Msaada wa nje ukisimama kwa miezi mitatu, ni huduma ipi haipaswi kusimama hata siku moja, na itagharimiwa na nani?

3. Katika kamati yetu, ni nani ambaye hajaulizwa maoni yake kwa muda mrefu?