Chapati hujaharamishiwa, mdogo wangu

Mdogo wangu, vuta kiti tuongee. Ujumbe mwingi ninaopata siku hizi unauliza jambo lilelile: "Dada, nimeambiwa nina PCOS. Sasa nile nini?" PCOS ni ile hali ya homoni kuvurugika inayogusa ovari. Mmoja wenu ameacha ugali, chapati, matunda na maziwa, vyote kwa mpigo, na ikifika saa kumi jioni mikono inamtetemeka kazini. Mwingine ameshikishwa orodha ya samaki wa salmoni, kinoa na maziwa ya lozi. Anaishi chumba kimoja Kangemi, Nairobi, na mshahara wake ukivuka tarehe kumi na tano anashukuru Mungu. Niliposoma hayo niliumia, kwa sababu nami nimepita hapo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimekaa miezi mitano bila kuona siku zangu. Kila asubuhi niliamka kabla ya wenzangu tuliokuwa tukipanga pamoja, nikajifungia bafuni na wembe ninyoe kidevu. Siku ya skani daktari alitazama kioo cha mashine, akaniambia, "Punguza uzito, ukiolewa urudi." Basi. Nikapanda matatu namba 46 kurudi Kawangware, uso nimeuelekeza dirishani ili wenzangu wa kiti wasione machozi. Hakuna aliyenieleza kinachoendelea mwilini mwangu, na ukinyimwa hilo, kila ushauri wa chakula unageuka kuwa adhabu. Kwa hiyo naanzia hapo.

Ukila wanga au sukari, kongosho hutoa insulini. Kazi yake ni kuzigongea seli mlango ili sukari iingie. Kwa wengi wetu wenye PCOS, seli ni nzito kufungua. Kongosho inaongeza insulini, ikiona bado inaongeza tena. Insulini ikijaa hivyo kwenye damu, huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kuliko kawaida (kila mwanamke anazo kidogo), na hapo ndipo penye chanzo cha ndevu za kidevuni, chunusi za kwenye taya, nywele kupungua utosini, na yai kukwama kabla ya kupevuka. Vile vifuko vinavyoonekana kwenye skani ndivyo vinavyobeba mayai hayo yaliyosimama njiani. Si uvimbe wa kukatwa.

Na ule weusi wa shingoni na kwapani, ambao mama zetu walitusugua kwa jiwe na sabuni ya mche hadi ngozi ikawasha, mara nyingi ni alama ya insulini iliyozidi. Hukuwa mchafu, mdogo wangu. Hukuwa mchafu hata siku moja.

Tena si wewe peke yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii huwapata kati ya asilimia 6 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na hadi asilimia 70 kati yao hawajui kwamba wanayo. Na si wote walio wanene.

Sasa chakula. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS uliotolewa mwaka 2023 unasema wazi kwamba hakuna mtindo mmoja wa kula uliothibitika kuwa bora kuliko mingine yote kwa hali hii. Hilo nilipolisoma nililia tena, safari hii kwa nafuu. Maana yake ni kwamba chakula cha kwetu kinatosha. Kinachohitaji kubadilika ni mpangilio wa sahani.

Twende kibandani. Saa saba mchana, unatoka ofisini katikati ya jiji, unaingia kibanda kimoja nyuma ya barabara, benchi la mbao, sufuria sita zimepangwa juu ya makaa. Mama anajua wateja wake, mkono wake uko tayari kukupakulia mlima wa ugali, sukuma kijiko kimoja na mchuzi. Mwambie hivi: "Mama, leo nipunguzie ugali, niongezee mboga na ndengu." Atakutazama kidogo. Siku ya tatu atakuwekea bila kuulizwa. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharagwe, ndengu, omena, mayai au nyama, na ile robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au chapati. Ugali wa ukubwa wa ngumi yako unatosha. Kisha anza na mboga na ndengu, ugali ufuate mwishoni. Utafiti umeonyesha kwamba wanga ukiliwa baada ya mboga na protini, sukari hupanda polepole zaidi kwenye damu, ingawa chakula ni kilekile.

Ndiyo maana nasema chapati hujaharamishiwa. Jumapili ukienda kwa shangazi Kinoo, ukakuta zimerundikwa ndani ya hotipoti, chukua moja, uile na ndengu na kabichi ya kutosha, ufurahi na watu wako. Anayekufundisha kuiogopa chapati anakufundisha kuishi njaa mchana na kula chapati sita usiku ukiwa peke yako jikoni. Nimeyaona hayo kwangu mwenyewe. Kujinyima kupita kiasi ni ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza, na wenye PCOS tuko karibu zaidi na huzuni na wasiwasi kuliko wengine. Kama una uzito wa kupunguza, hata ukishuka asilimia 5 au 10 tu, wengi huona siku zao zinaanza kurudi. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo nne hadi nane, na wala hazitakiwi kuisha mwezi huu.

Unga pia una maneno yake. Mahindi yaliyosagwa kwenye posho mill bila kukobolewa yana nyuzinyuzi ambazo unga mweupe wa pakiti umeshapokonywa. Wimbi na mtama ni vizuri vilevile. Lakini usidanganywe kwamba ugali wa kahawia unaliwa bila kipimo, maana bado ni wanga. Githeri ni rafiki yako ikiwa maharagwe yameshinda mahindi. Asubuhi, badala ya chai na mandazi mawili, jaribu mayai na kipande cha nduma au ngwaci (kiazi kitamu). Nyanya akija kukusimulia alivyokula nduma na chai akaenda shambani, msikilize. Njaa ikikukamata mjini, tafuta kijana wa mayai boilo anayeyapasua na kuyajaza kachumbari. Katika vitafunio vya barabarani, hilo ndilo chaguo langu la kwanza.

Chai siwezi kukukataza, ningekuwa mnafiki. Nilikuwa natia vijiko vitatu vya sukari. Nilipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, na sasa chai yenye sukari nyingi inanichoma koo. Soda ndiyo niliyoiacha kabisa. Soma nyuma ya chupa ndogo ya soda ya kawaida utakuta karibu gramu 30 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza ikiwezekana tusizidi takriban gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Juisi ya kukamua usiihesabu kuwa tunda. Kula chungwa lenyewe. Na ukimaliza chakula usikae papo hapo. Dakika kumi au kumi na tano za kutembea husaidia misuli kuchukua sukari. Jioni shuka steji moja kabla ya yako, kama pana usalama na taa.

Hili la dawa nalipitia haraka lakini kwa mkazo. Chakula hakichukui nafasi ya daktari. Zikipita zaidi ya siku 35 kati ya hedhi na hedhi, au ukipata hedhi chini ya mara nane kwa mwaka, nenda ukapimwe. Ukikaa zaidi ya siku 90 bila hedhi na huna mimba, usingoje, kwa sababu ukuta wa tumbo la uzazi unahitaji kulindwa. Omba kipimo cha sukari pia. Ukipewa dawa ya metformini na tumbo likakusumbua, rudi useme, usiiache kimyakimya, na ukiitumia kwa muda mrefu ulizia kipimo cha vitamini B12. Wale wanaouza chupa za "kusafisha kizazi" pale steji, waache na chupa zao. Na jambo ambalo sikuambiwa nami nakuambia: PCOS si utasa. Wengi hushika mimba, wengine wakisaidiwa na dawa, wengine bila kutarajia. Kwa hiyo kama huko tayari kwa mtoto, jikinge.

Niache nimalizie na mboga, maana hapo ndipo penye mali yetu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kule Juja ametumia miaka mingi kuzitafiti managu, saga, kunde na mrenda, wakati wengi walipoziita magugu na chakula cha maskini. Alipokuwa mtoto mwili wake ulikataa maziwa, samaki na mayai, akakulia mboga hizo. Leo zimejaa kwenye vibanda vya Kangemi na Kawangware, mama mboga anakuchambulia huku mnapiga gumzo.

Jumamosi nunua managu mafungu mawili na terere moja ya kuyapunguzia uchungu. Chambua majani, osha mara tatu, chemsha dakika chache na umwage maji kama uchungu unakushinda. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo hadi kilainike, tia nyanya moja, tia mboga, kisha mimina maziwa nusu kikombe na upunguze moto. Yaache yanywe yale maziwa mpaka sufuria ibaki na mchuzi mzito wa kijani pembeni. Jirani yangu kutoka Kakamega huyalaza hadi kesho yake ndipo ayale, na ana haki, siku ya pili ni matamu zaidi. Weka omena pembeni, ugali wa ngumi moja, ule taratibu. Kisha niandikie uniambie yalikukubali au la.