Waliohojiwa ni Nani? Mtego wa Sampuli Katika Maswali ya Mantiki

Mwalimu, nitaitambuaje sampuli yenye upendeleo kwenye mtihani?

Anzia mwisho. Soma hitimisho uone linamzungumzia nani, kisha rudi juu uone aliyehojiwa ni nani. Tuseme swali ni hili: "Wafanyabiashara 400 walihojiwa ndani ya kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Tisa kati ya kila kumi walisema hawatumii njia za panya. Kwa hiyo magendo yamekaribia kwisha." Kituo hicho, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, kinawaweka pamoja maafisa wa Kenya na Uganda. Anayeingia humo ameshaamua kupita njia halali. Anayevusha gunia la mahindi kwa baiskeli mashambani hakuulizwa kitu. Na hata huyo aliyeulizwa, nani atakiri magendo huku afisa wa forodha anamtazama?

Wangehojiwa 40,000 je?

Kosa lingebaki lile lile. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma kadi milioni 10 hivi, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba katika uchaguzi wa rais Landon angemshinda Roosevelt. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, tena wakati wa dhiki kubwa ya uchumi. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Ndiyo maana chaguo la "sampuli ni ndogo mno" mimi hulitilia shaka. Mara nyingi limewekwa pale kumnasa mwenye haraka.

Basi kila utafiti wa mahali pamoja haufai?

La, na hapa ndipo wengi huteleza. Kuwauliza wakulima wa Lunyo, Busia upande wa Uganda, peke yao kuhusu bei ya mbegu huko Lunyo ni sawa kabisa: waliohojiwa ndio wanaozungumziwa. Jibu lao likigeuzwa kuwa la wilaya nzima ya Busia, wavuvi wa Majanji na wachuuzi wa mjini wamesemewa bila kuulizwa.

Nje ya mtihani, somo hili lina faida gani?

Wakati wa uchaguzi utaiona. Tangu 2012 Kenya ina sheria inayomtaka mchapishaji wa kura ya maoni ya uchaguzi aeleze nani aliigharamia, wangapi walihojiwa na walipatikanaje. Ukisikia asilimia redioni bila maelezo hayo, usimpelekee jirani.