SOMO LA WATENDAJI: JINSI KIPOKEZI CHA SETILAITI KINAVYONASA ISHARA HAFIFU



Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi cha kahawa, nilikuta shamba la mwanachama linalopakana na mto limeandikwa kuwa liko ng'ambo, ndani ya msitu wa hifadhi. Mwanachama huyo hajapata kulima huko hata siku moja. Karani aliyetumwa kupima alisimama barazani chini ya bati, akanakili tarakimu za kwanza zilizotokea katika simu, akaenda zake.

Kosa hilo si dogo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu uharibifu wa misitu iliweka sharti kwamba kahawa inayoingizwa huko ijulikane imetoka shamba gani, na shamba linalozidi hekta 4 lionyeshwe mpaka wake wote. Ingawa tarehe ya kuanza kuitekeleza imeahirishwa zaidi ya mara moja, nukta iliyoangukia msituni yaweza kumnyima mkulima soko. Yatupasa basi tukielewe chombo tunachokitumia.

1. Udhaifu wa ishara

Setilaiti za mfumo wa Marekani uitwao GPS huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja hutuma mawimbi ya redio kwa nguvu ya makumi machache tu ya wati, kama taa ya nyumbani. Yakifika shambani yamekwisha kutawanyika mno. Tukiigawa wati moja mafungu bilioni, na kila fungu tukaligawa tena mafungu milioni 10, fungu moja la mwisho ndilo kadiri ya kile kinachoifikia antena. Mvumo wa asili uliomo hewani na ndani ya chombo chenyewe huishinda ishara hiyo kwa makumi ya mara.

2. Siri yake ni nakala na subira

Kila setilaiti ina mfuatano wake maalumu wa alama 1,023, unaorudiwa mara 1,000 kwa sekunde. Kipokezi kina nakala ya kila mfuatano. Huilinganisha nakala na yale yanayoingia, huisogeza kidogo kidogo, na kujumlisha matokeo mpaka zioane.

Chukueni mfano wa daftari la fedha. Kila siku shilingi 1 huingizwa bila kukosa. Kila siku hiyo hiyo sarafu hurushwa: ikiangukia upande mmoja shilingi 9 huingia, ikiangukia wa pili shilingi 9 hutoka. Kwa siku moja ile shilingi 1 haionekani. Baada ya siku 1,000 imekuwa shilingi 1,000, lakini zile 9 zimefutana, na kwa kawaida tofauti inayobaki ni kama 300 tu. Shilingi 1 ndiyo ishara. Zile 9 ndizo mvumo.

Kiasi ambacho nakala imesogezwa huonyesha muda wa safari ya mawimbi, na muda huonyesha umbali. Mawimbi hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Kipokezi huhitaji setilaiti 4: tatu kwa mahali, na ya nne kwa kusahihisha saa yake.

3. Wajibu wa mpimaji

Bati huzuia ishara; majani mengi, hasa yaliyolowa, huipunguza. Ukuta na bati huweza pia kuirudisha kama mwangwi, ikapita njia ndefu na kudanganya umbali. Kwa hiyo:

(a) Simama mahali peupe ndani ya shamba, mbali na nyumba na miti mikubwa.
(b) Subiri. Chombo kilichozimwa muda mrefu huhitaji angalau nusu dakika kupokea taarifa za setilaiti, na kabla ya hapo simu huweza kuonyesha mahali pa kukisia.
(c) Andika tarakimu baada ya kutulia, kisha mwenye shamba azihakiki kwenye ramani kabla ya kutia sahihi.

Karani asiyengoja mizani itulie humpunja mkulima kilo. Asiyengoja kipokezi kitulie aweza kumpunja shamba zima.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini kujumlisha mara nyingi huifichua ishara iliyomezwa na mvumo?
2. Katika rejista ya chama chenu, ni nukta ngapi zilizopimwa barazani?