Semina za Chuo Kikuu Zinamhusu Nini Mkulima wa Alizeti?

Nikiwaambia vijana wa huku Singida kwamba kuna kongamano la utafiti SUA Morogoro, au pale Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, jibu huwa moja: "Afisa, hayo ni mambo ya maprofesa, mimi nina magunia ya kuuza." Sawa, tuanze na hayo magunia.

Fuata gunia moja

Umevuna alizeti, ukaanika chini kwenye udongo, mvua ya mwisho ikainyeshea kidogo, ukaifunga ikiwa bado na unyevu. Kuvu wanapata makazi. Baadhi yao, hasa yule anayeitwa Aspergillus flavus, hutoa sumu tunayoiita sumukuvu. Hapo anahusika mtaalamu wa mimea.

Gunia linaenda kwa mkamuaji. Sumu nyingi haitoki na mafuta, inabaki kwenye mashudu. Hapo tunamhitaji mtaalamu wa usindikaji wa chakula.

Mashudu yananunuliwa na mfugaji. Ng'ombe wa maziwa akila, ini lake linaibadilisha ile sumu na sehemu yake inatokea kwenye maziwa. Huyo ni wa daktari wa mifugo. Maziwa anakunywa mtoto, naye yuko chini ya daktari na mtu wa lishe.

Umeona? Gunia ni moja, wataalamu ni wanne au watano, na kila mmoja anaona kipande chake tu. Semina mtambuka za sayansi za viumbe hai zina kazi ya kuwakalisha hawa watu ukumbi mmoja waulizane maswali. SUA, chuo kilichoanzishwa mwaka 1984, kina wataalamu wa kilimo, wa mifugo na wa chakula, na ndiko yaliko makao ya SACIDS, kituo kinachoshughulikia afya ya binadamu, wanyama na mazingira kwa pamoja.

Hii si nadharia

Mwaka 1960 kule Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache. Ugonjwa haukujulikana. Madaktari wa mifugo peke yao hawakufika mwisho wa jambo. Waliposhirikiana na wanakemia na wataalamu wa kuvu, wakakuta chanzo ni chakula chenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Sumukuvu ikajulikana kwa njia hiyo, kupitia mashudu.

Hapa kwa jirani zetu, Dodoma na Manyara, mwaka 2016 watu waliugua macho ya njano na matumbo kuvimba. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, 20 wakafariki. Chanzo kilikuwa mahindi yenye sumukuvu. Kulitambua hilo kulihitaji hospitali, maabara na watu wa kuingia maghalani kuchukua sampuli za chakula. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta sumukuvu kwenye mbegu na mashudu ya alizeti kutoka kwa wakamuaji wadogo wa mikoa kadhaa, Singida ikiwemo. Kwa hiyo jamani, tunazungumzia biashara yako na mtoto wa mteja wako.

Ukifika ukumbini, uliza haya

1. *Sampuli zilikuwa ngapi na zilitoka wapi?* Matokeo ya mahali penye mvua nyingi huenda yasifanane na ya Mkalama au Manyoni.

2. *Sampuli zilichukuliwaje?* Kuvu hakai sawasawa kwenye gunia. Konzi moja inaweza kuwa safi, ya pembeni yake ikawa na sumu nyingi. Sampuli nzuri inachotwa kidogo kidogo kutoka magunia mengi na sehemu tofauti, ikachanganywa, ndipo inapimwa.

3. *Kipimo kina maana gani?* Kwa mahindi na karanga, kiwango cha juu Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Hiyo ni sawa na gramu 10 za sumu katika malori 100 ya tani kumi kumi. Kwa kiasi kidogo hivyo, jicho na pua havikusaidii. Na kupika hakuiondoi.

4. *Mkulima afanye nini, na kwa gharama gani?* Usione aibu kuuliza hili. Mtafiti aliyezoea maabara anahitaji kulisikia. Wewe ndiye unayejua bei ya turubai na nauli ya lori.

Kama lugha ya Kiingereza inakupiga chenga, mwombe mtoa mada akueleze kwa Kiswahili wakati wa chai. Wengi wanafurahi. Wakati wa Kumbukizi ya Sokoine pale SUA kunakuwa na makongamano na maonyesho pia, ni pazuri pa kuanzia.

Wakati unasubiri semina

Vuna kichwa cha alizeti kikishakuwa cha kahawia na kukauka. Anika juu ya turubai, usianike juu ya udongo. Usihifadhi kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 9, na kipima unyevu mnaweza kuchanga kikundi mkakinunua kimoja. Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Mbegu zilizoota kuvu zitenge, usizichanganye na nzuri ili kuongeza uzito. Andika kila shehena ilivunwa lini na kukaushwa vipi. Mnunuzi mkubwa akiuliza, uwe na jibu la maandishi.

Kisha chagueni mmoja kwenye kikundi, mchangieni nauli, aende na maswali yenu yameandikwa. Akirudi awaeleze wote chini ya mti, na mimi afisa ugani wenu nikiwepo niiteni tu. Nitakuja na daftari, maana na mimi nina ya kujifunza kutoka kwake.