Dondoo muhimu: Faili likijivuta kwenye mashine pepe

Msimu wa korosho ukifunguka, mhasibu wa chama cha msingi Masasi au Newala hana muda wa kusubiri faili la malipo linalojivuta. Kabla ya kumlaumu mtoa intaneti, angalia faili linatoka wapi kwenda wapi. Kama ni kutoka kwenye seva ya mashine pepe hadi kompyuta ya chumba cha pili, intaneti haihusiki hata kidogo.

Tazama kasi. Ikigota kwenye megabaiti 11 hivi kwa sekunde, muunganisho umeshuka hadi megabiti 100 badala ya 1,000. Mara nyingi uzi mmoja kati ya nane umekatika kwenye kichwa cha kebo. Badilisha kebo kwanza. Ndiyo dawa ya bei rahisi.

Kebo ni nzima? Pima kwa programu ya iperf3, maana yenyewe hutuma data bila kugusa diski. Ikikimbia vizuri, mchawi ni diski, au antivairasi. Ikisuasua, kagua aina ya kadi ya mtandao uliyoipa mashine pepe: kwenye Proxmox weka VirtIO, kwenye VMware weka VMXNET3, si E1000. Wa Hyper-V wenye kadi za zamani za Broadcom za gigabiti 1, zimeni VMQ (foleni za mashine pepe). Kujivuta kwa mtandao kwa sababu ya VMQ kwenye kadi hizo ni tatizo sugu.

Kubadili kadi hukata mtandao kwa muda, kwa hiyo subiri malipo yapite.