Kufufua Boti ya Mbio ya Zamani: Linda Umbo Kwanza

Tarehe 26 Juni 1950, katika Ziwa Washington mjini Seattle, Marekani, boti ya mbao iitwayo Slo-mo-shun IV ilikimbia kilomita 258 kwa saa. Ilivunja rekodi ya kilomita 228 aliyoiweka Mwingereza Malcolm Campbell mwaka 1939. Injini yake ya Allison, iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege, ilikuwa na nguvu kweli, lakini umbo ndilo lililoipa mwendo. Ted Jones aliyelichora na Anchor Jensen aliyeliunda waliifanya boti iguse maji mahali patatu tu: vielea viwili vya mbele, na propela iliyozama nusu nyuma.

Basi ukipata boti ya aina hii iliyosahaulika ghalani, umbo hilo ndilo la kulindwa kabla ya rangi na injini. Kielea kikipinda kidogo tu, boti itang'aa ufukweni na kuyumba majini.

Chagua mwaka. Boti za mbio zilibadilishwa kila msimu. Kusanya picha za zamani, zipange kwa miaka, kisha amua unairudisha boti kwenye msimu upi. Ukichanganya miaka, utaunda boti ambayo haijawahi kuwapo.

Pima kabla ya kubandua. Iweke juu ya magadi imara yaliyosawazishwa kwa pimamaji. Vuta uzi wa katikati kutoka omo hadi tezi, pima pande zote mbili, na ukate vigezo vya plaiwudi vinavyofuata mkunjo wa sakafu ya chini. Ukiibandua sakafu kwanza, mataruma yatalegea, na vipimo vya asili havitarudi.

Tafuta uozo. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima hulia kwa ukali, iliyooza hutoa sauti nzito. Anzia pembeni na kwenye matundu ya skrubu, ambako maji hupenya kwanza.

Badilisha kipande kimoja kimoja. Kila unachokitoa kipige picha, kipe namba na ukitunze hadi mwisho, kwa kuwa kipande cha zamani ndicho kigezo cha kipya. Tumia plaiwudi ya baharini na skrubu za shaba nyeusi. Za chuma cha kawaida hushika kutu na kula mbao.

Rudi majini polepole. Jaribu injini nchi kavu. Mhimili na propela vikaguliwe nyufa na mtaalamu. Siku ya kwanza, angalia uvujaji na mizani tu. Umbo hilohilo linaloipa boti mwendo huiwezesha hewa kuinyanyua. Donald Campbell, mwana wa Malcolm, alifariki tarehe 4 Januari 1967 katika ziwa Coniston, Uingereza, pale boti yake Bluebird K7 ilipoinuka na kupinduka ikiwa katika mwendo wa kasi sana.

K7 iliopolewa mwaka 2001. Mafundi wa kujitolea walinyoosha mabati yaliyokunjamana na kuyarudisha mahali pake kila ilipowezekana, wakati kukata mapya kungekuwa rahisi zaidi. Mwaka 2018 ilikimbia tena, kwenye ziwa Loch Fad, Scotland. Fanya kama wao: kila kipande cha asili kinachoweza kubeba kazi yake, kirudishe kazini.