"Kigogo wa Pwani": Lakabu na Kinyang'anyiro cha Urais

Jina ambalo jamii humpa mtu huwa ni kitambulisho, na mara nyingi huwa pia ni hukumu. Makala haya yanaichunguza kauli hiyo katika uwanja wa siasa, kwa kuyaangazia maeneobunge ya Mombasa yaliyo ng'ambo ya kisiwa: Likoni, Kisauni na Changamwe. Swali la msingi ni hili: kwa nini wanasiasa waliovuma mno huko, tena wenye ufasaha wa Kiswahili ambao wapinzani wao huutamani, hawajawahi kutazamwa na Wakenya kama watu wa kuingia Ikulu?

Tuanze na fungu la maneno "kigogo wa Pwani", ambalo halikosekani magazetini kila uchaguzi unapokaribia. Kisarufi, -a unganifu hapa hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Humpa kigogo milki yake, kisha humwekea mpaka. Ukubwa wa mtu huyo unakubalika, ila unakoma kabla ya Mtito Andei.

Mpaka huo una historia. Ronald Ngala aliongoza chama cha KADU kilichotetea majimbo, na KANU iliposhinda mwaka 1963 yeye akawa Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani. Neno "rais", basi, liliwahi kumvaa Mpwani, ila lilimvaa pamoja na kijalizo chake. KADU ilivunjwa Novemba 1964, na mfumo wa majimbo haukudumu baada yake. Tangu hapo Pwani haikupata tena chama chenye mizizi kwake na matawi kote nchini. Chama cha Shirikisho, ambacho jina lake lenyewe lilirudisha ndoto ya majimbo, kilipata kiti kimoja tu cha ubunge mwaka 1997 na vivyo hivyo mwaka 2002. Kiti hicho kilikuwa cha Likoni. Naye Chibule wa Tsuma, aliyewania urais mwaka 1992 kwa tiketi ya Kenya National Congress, aliambulia kura zipatazo 10,000 pekee katika taifa zima.

Wapo wanaodai kwamba kiini cha tatizo ni uchache wa kura. Hoja hiyo haina mashiko makubwa. Chini ya Katiba ya 2010, mshindi anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika angalau kaunti 24. Hakuna eneo linaloweza kumfikisha mtu hapo peke yake. Aidha, kaunti sita za Pwani zina maeneobunge 26, ilhali kaunti tatu za Ukambani zina 22. Hata hivyo, Kalonzo Musyoka, ambaye naye huitwa "kigogo wa Ukambani", amehesabiwa miongoni mwa wanaoweza kuwa marais tangu awe wa tatu katika uchaguzi wa 2007. Kwa hiyo -a unganifu peke yake haimzuii mtu. Kinachotofautiana ni kile kinachoisindikiza lakabu hiyo.

Kwanza ni wapiga kura wenyewe. Ukambani una lugha moja ya nyumbani. Likoni ina Wadigo na majirani wao wengi. Kisauni ina Wagiriama, Waswahili na wahamiaji. Changamwe ilijengwa na bandari, reli na kiwanda cha kusafisha mafuta, na wafanyakazi waliotoka kila pembe ya nchi walikuja na vyama vyao. Hapa pana kinaya ambacho mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kukipuuza. Mwanasiasa anayeshinda katika mchanganyiko kama huo amekwisha kufanya, kwa kiwango kidogo, kazi anayotakiwa kuifanya rais. Lakini siasa za Kenya humuuliza mgombea kabila lake lina kura ngapi. Lugha ya taifa haina kabila la kuipigia kura.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, ni umiliki wa chama. Kalonzo aliingia uchaguzi wa 2007 akiwa na ODM-Kenya mkononi. Najib Balala, mbunge wa Mvita kisiwani, alitafuta tiketi ya ODM mwaka huohuo, lakini katika mkutano wa Kasarani wa Septemba 1 alijiondoa ili kumpisha Raila Odinga. Hassan Joho, aliyechaguliwa mbunge wa Kisauni mwaka 2007 na gavana wa Mombasa mwaka 2013 na 2017, aliomba tiketi ya urais ya chama hichohicho mwaka 2021. Yeye pia alimpisha Raila. Apangaye nyumba hawezi kuipaka rangi aitakayo.

Lakabu za Joho zinastahili uchambuzi wa pekee. "001" ni nambari ya Kaunti ya Mombasa katika orodha ya kaunti 47. "Sultani" linarejesha kumbukumbu ya ukanda wa maili kumi, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi makubaliano ya Oktoba 1963 yalipouunganisha na Kenya. Kisauni majina hayo yalishangiliwa, na mcheza kwao hutuzwa. Nyeri au Eldoret, la kwanza lilikuwa tarakimu ya kaunti ya watu wengine, na la pili lilikuwa cheo cha utawala ambao mababu wa huko hawakuwahi kuutii. Kadiri lakabu zilivyomkuza nyumbani, ndivyo zilivyomfanya mgeni kwingineko.

Mei 2022, Raila alipomtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza, Joho naye alitajiwa fungu lake iwapo muungano wa Azimio ungeshinda. Fungu hilo lilikuwa Wizara ya Ardhi, yaani dhuluma kongwe ya Pwani.